Nimemfuata mume kambini Ujerumani, nashinda dirishani

Bibi, assalaam alaykum.

Nakuandikia nikiwa jikoni, saa kumi na nusu jioni, na nje giza limeshaingia. Mwanangu wa miaka minne amelala kwenye kochi. Baba yake yuko msituni kwenye mazoezi, leo wiki ya tatu.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Mume wangu alishinda bahati nasibu ya grini kadi, akaenda Texas, akajiunga na jeshi la Marekani, akapata uraia, kisha akatuchukua mimi na mtoto. Tulikaa Killeen, huko huko Texas, miezi kumi. Kule palikuwa na wanawake wa Kenya, tukipikiana, tukisukana nywele, mmoja akijifungua tunakwenda wote. Hata leseni ya gari nilichukua. Ndipo ikaja amri ya kuhamia Ujerumani, kambi ya Vilseck, miaka mitatu. Nilifurahi, Bibi, nisikufiche. Nilipiga simu nyumbani nikasema naenda Ulaya.

Sasa ni miezi mitano tangu tufike. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, tukapanga kijijini, kama robo saa kwa gari kutoka getini. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na kitu, anakaa chini, sisi juu. Mimi simwelewi yeye, yeye hanielewi mimi. Wiki iliyopita alipanda, akaingia mpaka chumbani, akafungua madirisha yote mawili, na nje theluji. Mtoto anakohoa! Kisha akasogeza kabati, akanionyesha doa jeusi kwenye kona ya ukuta, akatikisa kichwa na kusema maneno mengi. Nilihisi ananiambia mimi mchafu. Nililia mpaka usiku. Mimi ambaye mama yangu alikuwa akinisuta kwa kupiga deki mara mbili kwa siku.

Si hilo tu. Jumapili moja nilitoka na mtoto kupeleka chupa tupu kwenye lile pipa kubwa la vioo mwisho wa mtaa. Nikatumbukiza ya kwanza, ya pili, mzee mmoja akatoka nyumbani kwake, akanisimamia na kunitikisia kidole. Sikujua kosa langu. Nikarudi na mfuko wangu. Tangu siku hiyo nikitaka kutoka nachungulia kwanza kama yupo.

Usiku mizinga inalia upande wa Grafenwöhr, kwenye uwanja wa mazoezi ya jeshi, vioo vinatetemeka, mtoto anakuja kitandani kwangu. Blenda yangu ya kusagia nazi niliyotoka nayo Texas niliichomeka ukutani siku ya pili tu, ikatoa moshi, ikafa. Supamaketi ya kambini ina kila kitu cha Kimarekani, lakini kufika huko sharti nimsubiri Baba Yusuf, kwa sababu leseni ya Texas peke yake haitoshi huku, na ule mtihani wa alama za barabarani sijaufanya. Kila fomu inauliza jina la mdhamini wangu. Mdhamini ni mume wangu. Mimi naandikwa mtegemezi. Bibi, mimi nilikuwa karani wa bandari miaka sita, nilikuwa na funguo za ofisi!

Nikimwambia mume wangu, ananijibu, "Hivi ndivyo jeshi lilivyo, zoea." Nikimwambia mama, ananiambia wenzangu wanaitafuta Ulaya kwa udi na uvumba na mimi ninalia. Siku nyingine ananitupia "mwacha asili ni mtumwa", halafu anamalizia kwa kuniomba hela ya karo ya mdogo wangu.

Ninafikiria nimchukue Yusuf turudi Mombasa, tumngoje baba yake huko hadi miaka mitatu iishe. Tikiti nimeshaitafuta. Nifanye hivyo, au nivumilie?

Kuna jambo jingine, dogo, sijui kwa nini linanikaa moyoni. Mwanzo wa Desemba yule bibi wa chini aliacha sahani ya biskuti mlangoni kwetu, imefunikwa karatasi. Niliogopa labda zina pombe, nikazitupa. Sahani mpaka leo iko kwangu.

Mama Yusuf, Vilseck

*

Waalaykum ssalaam, mwanangu Mama Yusuf.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nikisoma ile sehemu ya sahani peke yake, nayo nitaifikia. Kwanza nikuambie ninaongea na wewe kama nani: miaka tisa niliishi mji wa Nürnberg nikihudumia wazee kwenye nyumba yao ya malezi. Niliwaogesha, niliwalisha, nilisikiliza hadithi zao. Wengine walitoka vijiji vya huko huko uliko, Oberpfalz. Kwa hiyo bibi wa chini kwako ninamjua, ingawa simjui.

Tuanze na madirisha, maana hapo ndipo moyo wako ulipovunjika, na ulivunjika bure.

Nyumba zetu za Pwani zinapumua zenyewe. Kuna matundu juu ya mlango, dari iko juu, dirisha halifungwi mpaka usiku, upepo wa bahari unaingia na kutoka bila kuombwa. Nyumba ya Kijerumani imezibwa kama chupa ili joto lisitoke. Sasa wewe ndani unapika wali wa nazi, unachemsha maji ya ugali, unaoga maji moto, unaanika nguo za mtoto kwenye kiango kwa sababu nje kuna barafu, na watu mnapumua usiku kucha. Mvuke wote huo hauna pa kutokea. Unakwenda kutua kwenye ukuta ulio baridi zaidi, nao ni ule wa nje nyuma ya kabati, mahali hewa haizunguki. Hapo kuvu inaota. Lile ndilo doa jeusi. Ungepiga deki mara kumi lingeota vilevile.

Kwa Wajerumani kufungua dirisha ni kazi ya nyumbani kama kufagia, na ina jina lake: Lüften. Mikataba mingi ya kupanga inaitaja kwa maandishi, na kuvu ikiharibu ukuta watu hupelekana hata mahakamani juu ya nani alipe. Fanya hivi: asubuhi, mchana na jioni, fungua madirisha wazi kabisa, si kuyainamisha kidogo, kwa dakika tano hadi kumi, kisha funga. Zima hita wakati huo. Mtoto mweke chumba kingine na sweta lake. Kabati lisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani. Asubuhi utaona kioo cha dirisha kimejaa matone kwa ndani, pangusa. Baada ya wiki mbili utaona matone yamepungua, na hapo utanikumbuka.

Yule bibi hakukuambia wewe mchafu. Alikuwa na hofu ya ukuta wake. Kuingia mpaka chumbani bila kukubaliana nawe hakukuwa kuzuri, hata kwao si ada, na siku mtakapoelewana lugha umwambie agonge na angoje. Lakini chuki sikuiona katika ulivyosimulia.

Na yule mzee wa chupa? Ilikuwa Jumapili, mwanangu. Jumapili Ujerumani ni siku ya kimya kwa sheria, na Bavaria, jimbo hilo uliko, wanaishika kwelikweli. Maduka yamefungwa, hakuna kukata nyasi, hakuna kutoboa ukuta, na hakuna kutupa chupa kwenye pipa la vioo, kwa sababu ile kishindo inasikika mtaa mzima. Tazama ubavuni mwa pipa, saa zimeandikwa. Usiku nao, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, wanataka utulivu. Halafu usitupe kila chupa: zile zenye amana, Pfand, zirudishe dukani. Chupa ya plastiki ya maji ya kutumika mara moja au kopo la soda ni senti 25 za yuro. Mpe Yusuf kazi ya kuzitia kwenye mashine, hakuna mtoto asiyeipenda.

Yule mzee umsalimie. Ninasema kweli. Kijijini Bavaria anayeingia ndiye anayesalimu: dukani, kwa daktari, njiani. Mgeni akipita kimya wanamwona anajivuna, naye mgeni anawaona wao wana roho mbaya, na hivyo pande zote mbili zinanuniana miaka mitatu. Sema "Grüß Gott". Maana yake ni salamu yenye jina la Mungu ndani, na mtu wa Kisauni aliyekua kwa assalaam alaykum haitamshinda. Mara ya kwanza hatajibu kwa mshangao. Mara ya tatu atakutangulia.

Mizinga siwezi kukunyamazishia. Uwanja wa Grafenwöhr ulianza kutumika 1910 na jeshi la Bavaria, Wamarekani wameushika tangu 1945, na silaha halisi zinafyatuliwa pale karibu mwaka mzima. Mwambie Yusuf ukweli: ni baba na wenzake wanajifunza, na sauti ikiisha wanakula. Mtoto akipewa maana ya sauti, hofu inapungua kidogo. Blenda ilikufa kwa sababu umeme wa Marekani ni volti 120 na wa Ujerumani 230. Ya Mombasa ingefanya kazi kwa kubadili kichwa cha plagi tu, maana kwetu ni 240. Mwambie mama yako akutumie moja na mbuzi ya kukunia, apate na yeye cha kufanya badala ya kukusuta.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Uliandika kwamba ulikuwa na funguo za ofisi. Nilipofika pale niliweka karatasi chini. Kinachokuliza si baridi wala Wajerumani. Ni kwamba tangu ushuke ndege kila mlango unafunguliwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo yuko msituni.

Kwa hiyo jambo la kwanza Baba Yusuf akirudi, kabla hajavua buti, ni kwenda naye ofisi ya sheria ya kambi. Huduma yake kwa familia ni bure. Watamwandikia hati ya uwakala, ambayo inakupa wewe mamlaka ya kushughulikia mambo yaliyotajwa ndani yake wakati hayupo: nyumba, gari, vifurushi, benki. Wanajeshi wengi huiacha kwa wake zao kabla ya kwenda mazoezi au vitani. Kwamba wewe huna ni uzembe wake, si desturi ya jeshi.

Jambo la pili ni ule mtihani wa leseni. Una ya Texas tayari, sehemu ngumu umeimaliza. Kitabu chake cha alama kinapatikana, soma kurasa kumi kila usiku mtoto akilala. Sheria itakayokutatiza ni ile ya "kulia kwanza": penye njia panda isiyo na alama, anayetoka kuliani kwako ndiye mwenye haki, hata kama anatoka kichochoro. Isome mpaka uizoee. Na kipindi cha barafu usiguse barabara bila matairi ya majira ya baridi, ni kosa kisheria na ni hatari.

Wakati unasubiri mtihani, Vilseck ina stesheni ya treni. Ipo treni ya kwenda Nürnberg, mwendo wa kama saa moja. Kuna tiketi ya siku nzima kwa treni za mkoa iitwayo Bayern-Ticket, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na Yusuf kwa umri wake halipi. Nürnberg utakuta wachinjaji wa Kituruki wenye nyama ya halali, mihogo, ndizi za kupika, bamia. Karibu zaidi jaribu maduka ya Waturuki ya Weiden na Amberg. Nenda siku moja mwenyewe, na mtoto mkononi, bila kumwomba mtu akupeleke. Ninakumbuka mara yangu ya kwanza kushuka Nürnberg peke yangu nikanunua kilo mbili za mihogo. Nilitembea na ule mfuko kama nimebeba mtoto mchanga.

Kuhusu kurudi Mombasa. Kwenda kusalimia wiki tano au sita, nenda, hata mimi nakusukuma. Kuhamia huko mpaka miaka mitatu iishe, ngoja kwanza, na usilipe hiyo tikiti. Wewe una grini kadi, bado si raia. Sheria ya Marekani inamlinda mke anayeishi ng'ambo pamoja na mwanajeshi kwa amri rasmi: haihesabiwi kwamba ameutupa ukaazi wake, na muda huo unaweza kuhesabiwa kama yuko Marekani anapoomba uraia. Wapo wanaokula kiapo cha uraia huko huko ng'ambo bila kurudi. Lakini ulinzi huo ni wa anayeishi naye, aliyetajwa kwenye amri. Ukikaa Kisauni na yeye yuko Vilseck, hiyo ni habari nyingine, na mwenye grini kadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anaweza kuipoteza kabisa. Siku ile ile mnayokwenda kwa ajili ya hati ya uwakala, ulizeni pia hili la uraia wako. Ulizeni vilevile kabla ya kuvuka mpaka kwenda Ufaransa au Cheki kutembea, maana hadhi uliyo nayo Ujerumani ni ya Ujerumani, na pasipoti yako ni ya Kenya.

Baba Yusuf, hii aya ni yako, mkeo akusomee. Wewe ulipofika Vilseck ulikuta kikosi kinakungoja: chakula, ratiba, watu wa kucheka nao. Yeye alikuta ngazi na mlango. "Zoea" si jibu. Ukiwa nyumbani mpe Jumamosi moja nzima akae kiti cha dereva, wewe ukae pembeni na mdomo umefungwa. Na lile la karo ya shemeji yako lipangeni pamoja, kiasi kimoja kinachojulikana, mwezi kwa mwezi, ili simu ya mama isiwe ya kuogopwa.

Yusuf ana miaka minne, muulizie nafasi kwenye kindergarten ya kijiji. Nafasi haziko tele, jiandikishe hata kama ni kwa mwaka ujao wa shule. Ya kambini ni nzuri pia, lakini ya kijiji itakupa wewe kina mama wa kusimama nao getini saa ya kuchukua watoto. Novemba 11 watamtengenezea taa ya karatasi, watoto watembee nayo gizani wakiimba kwa ajili ya Mtakatifu Martin, na wewe utakuwa nyuma pamoja na wazazi wengine. Ukiona vigumu kwa sababu ya dini, zungumza na walimu mapema, watakusikiliza. Kijerumani chako kitafute Volkshochschule, ile shule ya jioni ya watu wazima, mji wowote wa maana unayo.

Unalia mara ngapi kwa wiki, mwanangu? Hukusema. Januari ya huko inaangusha hata wenyeji. Mwisho wa Februari utashangaa saa kumi na moja na nusu jioni bado kuna mwanga. Lakini kama usingizi umekukimbia, kama chakula hakipiti, au asubuhi unashindwa kumwinukia mtoto, usingoje mwanga. Nenda kwa daktari. Kambini wapo washauri wa familia za wanajeshi, na huduma ya Military OneSource inatoa vikao vya ushauri bila malipo, hadi 12 kwa jambo moja, hata kwa simu. Kwenda huko hakumchafulii mumeo jina.

Sasa sahani.

Bibi wa chini ameishi na Wamarekani maisha yake yote. Kila miaka mitatu familia inapanda ile ngazi na masanduku, na kila miaka mitatu inashuka nayo. Ameshazoea watoto wa watu wakaondoka, mara ngapi hata yeye hakumbuki. Na bado Desemba hii alisimama jikoni akakata biskuti, akapanda ngazi na magoti yale, akaziacha mlangoni. Kisha akangoja. Mpaka leo hajui kama mlizila.

Wewe ni mtu wa Pwani. Kwenu sahani ya jirani hairudi tupu, na hiyo yako haijarudi kabisa. Ndiyo maana inakukaa moyoni.

Jumamosi hii kanda mahamri. Tia iliki ya kutosha, wanaijua, wanaiweka kwenye biskuti zao za Krismasi. Tui la mkebe litafaa mpaka blenda ifike. Kata madogo, yaumuke vizuri, panga kwenye ile sahani yake, funika kwa karatasi safi. Shuka saa tisa alasiri, hiyo ndiyo saa yao ya kahawa na keki. Mshike Yusuf mkono. Piga kengele mara moja, ngoja, yeye hatembei haraka. Akifungua sema Grüß Gott, kisha gusa kifua chako umtajie jina lako mwenyewe, si la mdhamini. Akikukaribisha ndani, vua viatu mlangoni. Akikuletea kitu cha kula na una shaka, uliza "ohne Alkohol?", hatachukia. Na kabla hujaondoka muonyeshe dirisha, umwambie "Lüften", uone uso wake.

Niandikie alisema nini.